Kidole cha Zorobabel

Jumatatu, 3 Juni

Leo maisha yangu yamegeuka! Asubuhi, kabla sijafungua duka langu la vipuri vya pikipiki na magari, nimesikiliza sauti fulani kwenye WhatsApp ya chorale, kwaya yetu ya kanisa. Dokta mmoja, sauti nzito, anaeleza kwamba kila mtu ale kufuatana na damu yake. Groupe O ni wajukuu wa wawindaji: nyama. Groupe A ni wajukuu wa wakulima: majani, maharagi, matunda. A akila nyama, inaozea tumboni. B wanywe maziwa, wale jibini. Nimesikiliza mara tatu. Miaka ishirini na mbili mke wangu Kavuo ananipikia sombe, majani yale ya muhogo, na maharagi, maharagi na sombe, na mimi nashangaa kwa nini nasinzia saa nane mchana. Kumbe mimi ni O! Mwili wangu ulikuwa unalia na hakuna aliyeusikia.

Nimeandika orodha yote kwa kalamu ya bic nyekundu na kuibandika kwenye mlango wa jikoni. Sehemu ya O, mistari ya chini, nimeikunja kwa ndani. Ilikuwa na maneno mengi yasiyo ya lazima.

Jumanne, 4 Juni

Kavuo amesoma orodha huku anatwanga sombe. Hakukasirika. Hilo limenitia wasiwasi. Ameuliza nani aliniambia mimi ni O. Nimejibu kwamba mtu anajijua, na kwamba mwili wangu unalia. Amesema yeye alipimwa wakati wa mimba ya Ornella, binti yetu wa kwanza, na karatasi anayo. Mimi nina nini? Halafu akakata maneno: "Papa Ornella, karatasi hapana, nyama hapana." Watoto wamecheka mpaka wakapaliwa.

Jirani yangu Kalala alikuwa barazani kwake, kikombe cha maziwa mkononi. Huyu ni mtu wa Kasai, serikali ilimleta Butembo kukaa ofisini, kwenye bureau. Yeye ni B. Ana kadi ya kutoa damu na anaionyesha hata kwa asiyeuliza. Leo ameniuliza, juu ya ukuta, kama umri wangu pia ninaubahatisha.

Chakula cha jioni: sombe.

Jumatano, 5 Juni

Nimewaza nyuma ya kaunta mpaka wateja wawili wakaondoka bila kuhudumiwa. Je, nikipimwa nikaonekana A? Sombe mpaka kaburini, tena kwa karatasi yenye muhuri! Jambo kubwa namna hii haliachiwi bahati.

Ndipo akapita Zorobabel, muuza nyama wa sokoni, paja la ng'ombe begani. Zorobabel anakula nyama asubuhi, mchana na jioni. Hajawahi kuugua hata mafua. Shingo yake imejaa kola yote na bado inabaki nyingine. Kama huyu si O, basi O haiko duniani.

Mpango ni huu. Laborantin, mpimaji wa damu wa kituo cha afya, Sadrack, ametoka Kisangani juzi tu, hajui sura ya mtu hapa. Zorobabel atakwenda, atasema anaitwa Apollinaire, jina langu, atatoa kidole. Basi! Amekubali kwa kibidoni kimoja cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ameuliza kwanza kama sindano inauma. Mtu anayepasua ng'ombe!

Alhamisi, 6 Juni

Kavuo amekwenda mwenyewe kituoni kuchukua bahasha ya majibu yangu. Ameifungua mbele ya watoto wote.

A.

A! Zorobabel! Nimesoma karatasi mara nne, nikaigeuza, nikaangalia hata nyuma. Na Kavuo ndiye O, karatasi yake ya zamani ameiweka mezani kando ya yangu. Amejinunulia nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, ameila polepole mbele yangu, anasema anasikia mwili wake umeacha kulia. Nikisema damu si yangu, nitasema ni ya nani?

Aliyenihurumia ni Ornella peke yake. Huyu mtoto anaamini kila neno langu, ni kosa la malezi. Ameniuliza kama kweli nyama inamwozea A tumboni. Ningeweza kusema hapana. Lakini Kavuo alikuwa anasikiliza, na heshima ni heshima. Nimesema kweli kabisa, mtu anaweza hata kufa.

Ijumaa, 7 Juni

Kesho ndiyo kesho! Familia ya Jephté wanakuja kutoka Beni, kule Mulekera, kufungua mazungumzo ya ndoa ya Ornella. Jephté anaendesha pickup ya abiria wa Mutwanga, kijana wa maneno machache. Ornella anampenda mpaka anaimba akiosha sufuria. Na mimi ninamtaka: pickup inakula vipuri.

Wanaleta mbuzi. Na kwetu baba wa binti ndiye anayeonja maini ya mbuzi wa wageni, wa kwanza, kabla ya neno lolote. Asipoonja, amesema: rudini na mbuzi wenu. Donc, basi, kesho hakuna mtu, hata Kavuo, anayeweza kuninyima nyama! Nimepiga pasi shati langu la kitenge. Kavuo amemwita Zorobabel achinje. Nilipendekeza mtu mwingine, hakunisikiliza.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu. Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Wageni wamefika, baba wa Jephté mbele, Mzee Syauswa, na kofia yake nzuri. Tumesali. Sinia ya maini imeingia, mvuke unapanda, mate yananijaa. Ornella akaiweka katikati. Mbele yangu akaweka bakuli la maharagi. Nimenyoosha mkono kwenye maini, naye akaushika kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka mbele ya watu: "Papa, hapana! Usikufe kwa ajili yangu!"

Mzee Syauswa akavua kofia, akaiweka gotini, akauliza taratibu kama nyumba hii inakataa mbuzi wake. Kavuo akatoka jikoni mbio, na uso wake haukuwa wa mchezo tena. Akaeleza habari ya damu, akaleta karatasi. Mzee akaisoma. Akasema ameshaona watu wakikataliwa kwa sababu binti bado anasoma, au kwa sababu mbuzi amekonda. Kukataliwa kwa groupe ya damu, hiyo ni mpya kwake. Ndugu yake alishaanza kutafuta viatu. Jephté alikuwa anaangalia sakafu.

Nimemwangalia binti yangu. Alikuwa tayari kumkosa mwanaume anayempenda ili mimi nisife kwa ugonjwa niliouzua mwenyewe. Moyo umeniuma, kweli umeniuma. Nikasimama, nikasema: damu ile si yangu. Ni ya Zorobabel.

Vichwa vyote vikageuka mlangoni. Zorobabel alikuwa pale, mbavu mkono wa kulia, mbavu mkono wa kushoto. "Donc miye ni A?" ameuliza. Akaziangalia zile mbavu, akafikiri kidogo, akaendelea kutafuna.

Mzee Syauswa amecheka mpaka kofia ikaanguka. Nimekula maini. Mazungumzo yamekwenda vizuri, tarehe ya kurudi imewekwa. Ornella amenikumbatia, halafu akakumbuka kunikasirikia.

Jumapili, 9 Juni

Chorale yote inajua. Kalala, wakati wa kusalimiana nje ya kanisa, hakunipa mkono. Amenipa kidole kimoja.

Jumatatu, 10 Juni

Kavuo amenipeleka kwa Sadrack yeye mwenyewe, amenishika kiwiko njia nzima. Sadrack ameshangaa: wiki jana alikuja Apollinaire mwingine, mwenye shingo.

Jibu: O! O yangu mwenyewe, kutoka kidole changu mwenyewe! Nilikuwa nayo siku zote! Nimecheza uani. Kavuo amenipongeza. Kisha amekwenda kwenye mlango wa jikoni, akakunjua ile sehemu ya chini, akasoma kwa sauti mwandiko wangu: O, kazi nzito ya mwili kila siku, kahawa hapana, pombe hapana. Kikombe changu cha kahawa ameondoka nacho. Jembe ameliweka kando ya kitanda, upande wangu.

Jumanne, 11 Juni

Mgongo wangu! Toka saa kumi na mbili asubuhi kwenye shamba la mteremkoni. Malengelenge sita. Nyama: vipande viwili, vidogo. Kavuo anasema mwindaji anakula alichokamata.

Nikiwa nimeinama na jembe nimemwona Kalala barazani kwake. Maziwa. Jibini. Miguu juu ya kiti. Niliporudi nimeisoma orodha tena, polepole: B, mazoezi ya kutembea tu, bila haraka. Habari ya jembe hakuna hata neno moja.

Laborantin huyu bado mgeni, anaweza kukosea. Na upande wa pili wa mji kuna kituo kingine cha afya, ambako hawajawahi kuniona. Nimejipaka mafuta mikononi, nimekwenda ukutani, nimemsalimu Papa Kalala kwa heshima zote, nikamuuliza kama Alhamisi kidole chake kina nafasi.