Taya la Kale Nyuma ya Machimbo

Jumatatu, 3 Juni
Mimi nilizaliwa na bahati. Wengine walizaliwa tu. Leo kaja mtaalamu wa miamba kusoma ardhi ya machimbo yetu ya kokoto. Anatafuta msimamizi wa wachimbaji. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi mwashi, eti naye anautaka usimamizi. Kichwa kama karai lake: kigumu na kitupu.

Mtaalamu katueleza. Udongo mweusi juu, mwekundu chini yake, halafu udongo wa mfinyanzi wa kijivu. Tabaka la chini ndilo la zamani. Kumbe ni hivyo tu. Watu wanasomea miaka minne, mimi nimemaliza kabla chai haijapoa.

Jumanne, 4 Juni
Nimeomba taya la ng'ombe kwa muuza nyama. Kauliza la nini. Nimemwambia elimu. Wenzangu walipokwenda kula, nimelizika nyuma ya machimbo, ndani ya udongo wa mfinyanzi, kina cha kiuno. Nikafukia chapuchapu. Umri wake nimeukadiria mwenyewe: miaka laki mbili.

Jumatano, 5 Juni
Kandambili yangu ya kushoto haionekani. Nimemsingizia mbwa wa jirani. Mke wangu kasema mbwa yule ana haya kuliko mimi. Damu ya fundi mwashi hiyo.

Nimemwambia mtaalamu pua yangu inanusa mifupa. Kasema nikimwonyesha mfupa wa kale, usimamizi ni wangu.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Nimempeleka mtaalamu nyuma ya machimbo, naye kamwambia shemeji achimbe, ukingo wa shimo uwe wima. Kautazama. Kauliza udongo mweusi umefikaje chini ya mwekundu. Nikajibu labda uliporomoka zamani hizo. Kasema zamani hizo ni juzi, majani yake bado mabichi.

Taya likatoka na alama za msumeno. Shemeji kasema kumbe enzi hizo bucha zilikuwepo. Chini ya taya ikatoka kandambili yangu. Mtaalamu kaandika daftarini, bila hata kutabasamu, kwamba kandambili ni ya zamani kuliko mnyama. Shemeji kacheka mpaka akakaa chini. Usimamizi kapewa yeye.

Ijumaa, 7 Juni
Mpini wa sululu ya shemeji umekatika siku ya kwanza ya kazi. Nimempa yangu. Hata karai halisimamii watu mikono mitupu. Kaniita shemeji mwema. Nikajifanya sijasikia.

Kosa langu nimeliona: haraka. Jumatatu nazika fuvu la mbuzi. Udongo wa mfinyanzi kwanza, kisha mwekundu, mweusi juu. Nitakwenda peku.

Na ile bahati niliyoandika mwanzo ni uongo. Sina, wala sijawahi kuwa nayo.