Bomu Kwenye Usukani

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimekwisha! Saa moja asubuhi, chai mkononi, redio ikatangaza kwamba kampuni ya Hokuzo inayaita magari yake yarudi. Mifuko ya hewa ya mbele, ile ya kuokoa watu gari likigonga, ina kasoro. Ikipasuka inarusha vipande vya chuma. Teksi yangu ni Hokuzo, ya miaka hiyohiyo waliyoitaja. Na kiti cha mbele ni cha mke wangu Bibiana, mimba ya miezi minane na nusu.

Tena kuna sauti ya yule mama wa kwenye dashibodi. Kila nikiwasha gari anaongea Kijapani, gari limekuja naye kutoka Japani. Miaka sita namjibu, "Asante, mama." Leo nimewasha, akasema maneno yaleyale, jasho likanitoka. Kumbe miaka yote ananionya! Bibiana sijamwambia.

Jumanne, 6 Mei

Yunus wa kijiwe chetu pale Kashaulili ana teksi ya Sanmira. Nazo zina kasoro ileile, lakini mafundi wao wanakuja Mpanda keshokutwa, bure, na soda juu. Wamemtumia ujumbe: "Ndugu mteja wetu mpendwa." Amewasomea kijiwe kizima mara tatu. Kisha akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, Hokuzo wamenipa nini. Nikasema wananiandalia kitu kikubwa.

Nikawapigia Hokuzo. Muziki dakika kumi na moja. Dada akachukua namba ya gari, akasema nisubiri taarifa, au nikiwa na haraka niende Dar es Salaam. Zaidi ya kilomita elfu moja na bomu kifuani! Jioni ujumbe pekee ulioingia ulikuwa wa matapeli, namba ngeni, "Ndugu mteja mpendwa." Walewale wa "tuma kwenye namba hii". Sikufika hata neno la nne. Nikafuta, nikaifungia namba. Mimi siliwi kirahisi.

Jumatano, 7 Mei

Nimejifunga kibao cha chapati cha Bibiana kifuani, chini ya shati. Kiti nimekisogeza nyuma kabisa, pedali nazigusa kwa ncha za vidole. Abiria wa kwanza, nesi wa Kawajense, akauliza kifua kimekuwaje. Nikasema mafua. Akaomba kushuka kituo cha mafuta, na kwake bado mbali.

Ndipo akili ikafunguka! Nimekwenda duka la vipuri la Sospeter, nikanunua nembo ya Sanmira. Ya Hokuzo nimeing'oa kwa maji ya moto na kisu, ya Sanmira nimeibandika kwa gundi ya viatu. Imekaa upande kidogo. Bibiana anauliza kibao chake kiko wapi.

Alhamisi, 8 Mei

Aibu. Fundi wa Sanmira, binti anaitwa Emelyne, aliniamkia shikamoo, akanipa soda na kofia. Nikajiona mtu. Kisha akafungua boneti. Juu ya injini pameandikwa HOKUZO, herufi kubwa kama za duka. Yunus alicheka mpaka akashika ukuta.

Emelyne hakucheka. Alisema hata washindani wao ni watu, akaingiza namba ya gari kwenye tovuti ya Hokuzo kwa simu yake. Gari langu limo kwenye orodha. Mafundi wa Hokuzo wanafika Mpanda Jumatatu, na ujumbe nilitumiwa juzi jioni. Nikaificha simu yangu mfukoni. Nikamuuliza kuhusu yule mama wa kwenye dashibodi. Akasema mama huyo anataarifu tu kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijawekwa. Miaka sita!

Jumamosi, 10 Mei

Saa nne asubuhi Bibiana akashika mgongo. Muda umefika. Nikakimbilia ufunguo. Nilimfungulia mlango wa nyuma, nikamwomba alale sakafuni, mito minne juu yake. Akauliza kwa nini. Nikasema vumbi. Lakini Yunus alishamsimulia mkewe Zuleha, na Zuleha hajawahi kukaa na neno. Bibiana akaniambia, "Krispini, mwanangu hapandi bomu," akampigia Yunus aje na Sanmira yake. Nikawafuata kwa bodaboda, nalia, kibao bado kifuani. Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Asante Mungu! Presha ya Bibiana imepanda kidogo, kwa hiyo wanabaki hospitali mpaka Jumatano. Anasema mtoto atabatizwa Yona, ndilo Yunus la Kikristo, maana Yunus ndiye aliyewafikisha. Nimekubali. Ningefanyaje?

Jumatatu, 12 Mei

Hokuzo wamekuja kweli. Mfuko mpya wa usukani, mfuko mpya wa abiria, bure. Hakuna soda, hakuna kofia. Maji nusu lita na kalamu isiyoandika. Hata hivyo nimeendesha mpaka nyumbani mgongo umenyooka. Kibao nimekirudisha jikoni. Yunus ametangaza kijiweni kwamba Jumatano atamrudisha mama Yona nyumbani kwa Sanmira yake, iliyooshwa, yenye maputo. Thubutu! Mwanangu atarudi kwa gari la baba yake.

Jumanne, 13 Mei

Nimeosha gari. Nimefunga maputo manane. Saa kumi jioni ujumbe, namba ngeni: "Ndugu mteja mpendwa, wakati wa ukaguzi tumegundua bomba la breki la gari lako..." Nikacheka peke yangu. Yunus huyo! Siku moja kabla! Anadhani nitaogopa, nimwachie mke na mtoto awabebe yeye. Nimefuta, nimeifungia namba.

Pedali ya breki imelegea kidogo leo, inabidi kuikanyaga mara mbili. Itakuwa ni baridi. Kesho saa tatu nawafuata. Bibiana nimeshamwambia gari limepona, akae mbele na mtoto.