Picha Rasmi ya Mtaa wa Needler

Idara ya Mwonekano wa Mitaa ina furaha kuutangazia umma kwamba mji wetu wa Eldminster, baada ya kuwepo kwa miaka mia tisa, hatimaye utakuwa na sura inayojulikana.

Tatizo lilikuwa la siku nyingi. Watu walikuwa wakipiga picha majengo yetu ovyo ovyo. Mmoja kachuchumaa, mwingine kapanda pipa la taka, na kila picha inatoka na mji wake. Katika nyingine kanisa kuu limeinamia kulia, katika nyingine kushoto, na ipo moja, iliyopigwa na mtalii kutoka Denmark, ambamo halionekani kabisa, kinaonekana kiwiko cha mkewe tu. Mji hauwezi kuendeshwa namna hiyo.

Ndipo mimi, Nigel Braithwell, Naibu Mkurugenzi, nikatunga Kanuni ya Kumi na Nne. Kila mtaa wa kale utakuwa na Picha Rasmi moja. Kilichomo pichani ni urithi: hakihamishwi, hakibadilishwi, hakifutwi hata vumbi bila kibali. Kisichomo pichani ni uchafu, na kitaondolewa. Ili wananchi wasiseme hawakushirikishwa, niliongeza kipengele kwamba picha itapigwa na mkazi aliyeishi mtaani hapo si chini ya miaka thelathini. Mkurugenzi alikipenda mno. Vipengele vya aina hiyo kwa kawaida havina madhara.

Mtaa wa Needler una nyumba kumi na moja, zilizojengwa na mafundi waliokuwa na ugomvi na mstari ulionyooka. Mkazi anayetimiza sharti ni mmoja tu: Bi Doreen Oldroyd, mjane wa miaka sabini na sita, ambaye amekuwa akiupiga picha mtaa ule kila Jumanne tangu mimi nasoma shule ya msingi. Pia ana benchi. Liko chini ya dirisha lake, lilitengenezwa na marehemu mumewe Alf kwa mbao za kanisa lililobomolewa, na mguu wake mmoja ni mfupi. Benchi hilo halimo katika kumbukumbu yoyote ya halmashauri. Niliagiza liondolewe kabla picha haijapigwa.

"Kipenzi," aliniambia nilipompelekea barua. Kwetu wanawake wa rika lake humwita kila mtu kipenzi, hata askari anayewakamata. "Alf alifia kwenye benchi hili. Alikaa, akaomba chai, natoka na kikombe, mwenzangu keshaenda zake. Leo mnaliita uchafu?"

"Si sisi, Bi Oldroyd. Ni Kanuni."

"Na Kanuni kaitunga nani?"

"Idara."

"Idara ndiyo wewe, mwanangu. Usinizungushe."

Nilimweleza kwa upole kwamba hisia hazina fomu. Akauliza lori la kulibeba benchi linakuja saa ngapi.

Lori lilikuja Jumanne saa nne asubuhi, pamoja na vibarua wawili, Gaz na Trevor. Nami nilikuwepo kusimamia, nikiwa nimekwisha kusaini cheti cha kuidhinisha picha. Katika Idara yetu sahihi hutangulia, kazi hufuata. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Bi Oldroyd alisimamisha kamera yake, akatazama juu, akasema yeye hapigi picha bila jua.

"Litatoka lini?" nikauliza.

"Mwaka huu?" akadakia Trevor.

Vibarua wakaenda kunywa chai, kwa kuwa mkataba wao unataka chai ianze. Nikasubiri. Baada ya saa nzima miguu ikaanza kuniuma.

"Kaa, kipenzi," akasema Bi Oldroyd. "Benchi si bado lipo? Na hii pai ya nyama uile ingali moto, umekonda hivyo nani anakulisha?"

Nikakaa. Benchi likayumba kidogo. Pai ilikuwa tamu, lazima nikiri.

Akapita bwana mmoja mwenye mwavuli. Aliona mtu anasubiri, akasimama nyuma yake. Watu wa kwetu hawaulizi mtu anasubiri nini. Ni utovu wa adabu. Hujipanga. Akaja bibi mmoja na mbwa wake, naye akajipanga. Ilipofika saa sita walikuwa tisa, kimya, kila mmoja akimlinda aliye mbele yake asije akapitwa.

Gaz na Trevor waliporudi niliwaamuru wabebe benchi.

"Haiwezekani, bosi. Kuna mtu amekalia."

"Mtu mwenyewe ni mimi! Nainuka sasa hivi."

"Ukiinuka umepoteza nafasi," akasema bwana wa mwavuli. "Samahani sana, lakini na sisi tumesubiri."

Niligeuka nimweleze, pai ikiwa mdomoni. Jua likatoka. Lilitoka kwa sekunde kumi na moja, na kamera ikalia.

Picha Rasmi ya Mtaa wa Needler inaonyesha nyumba, dirisha, benchi, afisa aliyeachama mdomo, tai yake ina mchuzi, foleni ya watu tisa na mbwa, na kivuli cha mpiga picha kilicholala kwenye nusu tupu ya benchi. Nilimwomba Mkurugenzi aibatilishe. Akanisomea Kanuni kwa sauti, mara mbili, akauliza ni wapi sijaelewa. Kipengele cha kubatilisha nilikuwa nimekiondoa mwenyewe, ili wananchi wasitusumbue.

"Mkuki kwa nguruwe, mwanangu," alisema Bi Oldroyd. Akaniachia nimalizie mwenyewe.

Basi kila siku ya kazi, kuanzia saa nne hadi saa kumi, niko hapa kwenye benchi, kwa kuwa nimo pichani. Nafurahi kuripoti kwamba urithi unatunzwa vizuri. Nidhamu ya foleni ni ya kupigiwa mfano. Yule bibi mwenye mbwa alipolazwa hospitalini alimtuma dada yake amshikie nafasi, na mbwa yule yule. Bi Oldroyd hukaa kando yangu, kwani kivuli chake kimo pichani na kivuli hakiwezi kuja peke yake. Huleta chai, vikombe viwili. Siku ya kwanza aliponikabidhi cha pili nilikumbuka kile cha Alf, nikaona haya. Nikamwomba radhi. Nalitaja hapa ingawa halina fomu.

Jana njiwa alinipitia juu akaniachia alama kwenye upara. Kwa kuwa mimi ni urithi, sifutwi bila kibali. Nimejaza ombi, likapokelewa na kugongwa muhuri siku hiyo hiyo. Limebaki kusainiwa tu na Naibu Mkurugenzi, na ofisini wananiambia ametoka kidogo, nimsubiri.