Mwelekeo wa Maji Yanapokosa Mlango

Chuo kikuu kilitangaza, kwa furaha na taadhima, kwamba kuanzia siku ile hapangekuwa tena na ukuta kati yake na jamii. Tangazo lilichapwa kwa rangi nne likabandikwa kwenye ukuta wenyewe, upande wa ndani, ili jamii isilichafue.

Aliyekabidhiwa kazi ya kuuondoa ukuta huo, kimawazo, alikuwa Mkurugenzi wa Ubia. Alijengewa jengo jipya lenye paa pana la bati la bluu, likaitwa Jengo la Ubia, na ofisi yake ikawekwa chini, karibu kabisa na mlango, ili asiwe mbali na wananchi. Miezi saba ya kwanza hakuonana na mwananchi hata mmoja. Huo haukuwa uzembe. Alikuwa anaandaa mkakati, na mkakati mzuri, alivyopenda kusema, unataka utulivu, na watu wana kelele.

Mwezi wa nane akaja mtu. Alikuwa fundi cherehani wa uchochoro wa nyuma ya ukuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Sketi yake ilikuwa na tope hadi magotini.

"Hodi, baba. Nimekuja kwa habari ya maji."

"Karibu sana, mama. Umekuja kama mtu binafsi au kama jamii?"

Mama Pindo aliitazama miguu yake. "Nimekuja kwa miguu."

Mkurugenzi akaandika hilo. Hakuna neno la mwananchi lililokuwa dogo kwake.

Mama Pindo akaeleza. Maji yote ya paa lile la bluu huingia bomba moja, bomba likapita chini ya ukuta, likatokea mbele ya mlango wake. Mvua ikinyesha, chumba kinajaa. Na humo chumbani amelala baba mkwe wake, amepooza kuanzia kiunoni, godoro lake liko chini. Kila wingu likitanda, yeye na mumewe humbeba mzee wakampandisha juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mara ya mwisho tulichelewa," alisema. "Tulimkuta maji yamemfika masikioni. Mvua kubwa ziko njiani, baba. Ligeuzeni tu hilo bomba, limwage kwenye mtaro mkuu. Mtaro wenyewe uko humu humu ndani kwenu, hatua thelathini."

Mkurugenzi aliguswa. Aliguswa kiasi kwamba alisimama, akafunga kifungo cha koti, akamweleza kwa upole kwamba ubia ni jambo la pande mbili, na upande hauwezi kuwa mtu mmoja mwenye tope. Akaunde chombo. Chombo kiwe na katiba, kamati na muhuri. Kisha warudi wazungumze kama taasisi na taasisi.

Katiba iliandikwa kinyozini, katikati ya vichwa vya wateja. Mama Pindo akawa mwenyekiti. Kinyozi akawa katibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na meza. Babu Timazi, fundi mwashi mstaafu aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, akawa mjumbe. Wiki tatu baadaye wote watatu walikuwa mbele ya Mkurugenzi, na muhuri wao bado unanuka wino.

"Mwanangu," alianza Babu Timazi, "hii ni kazi ya siku moja. Turuhusu tuingie upande wenu na majembe sita. Jioni tunakunywa chai."

"Mzee wangu, tusikimbilie jibu kabla ya kulielewa swali."

"Swali lenyewe ni lipi?"

"Ndilo tunalolitafuta."

Kulitafuta, walitumwa watafiti kumi na wanne. Walivaa viatu vya mpira na vitambulisho shingoni, wakasubiri mvua kwa hamu. Iliponyesha, walisimama chumbani kwa Mama Pindo wakipima kina kila baada ya dakika tano, huku yeye na mumewe wakimwinua mzee. Hakuna aliyeshika hata pembe ya godoro. Ingekuwa kuingilia matokeo.

Mtafiti mmoja, binti mwenye adabu, alimwinamia mzee pale mezani. "Babu, kwa kipimo cha moja hadi tano, umeathirika kiasi gani?"

Mwili wa mzee ulikuwa umekufa nusu, lakini ulimi ulikuwa mzima. "Hiyo tano, mjukuu wangu, ni kuzama?"

Binti akaandika: mhojiwa ana ari.

Kisha ikafuata warsha ya siku mbili, ambamo jamii ilifundishwa kuandika andiko la utafiti: lengo, mbinu, pambizo za kurasa. Kinyozi alinukuu kila neno. Warsha ilipofungwa, Mama Pindo alinyoosha mkono kuuliza bomba litageuzwa lini.

"Hapo ndipo penye habari njema," alisema Mkurugenzi. "Chumba chako kimekubaliwa kuwa eneo la utafiti kwa miaka mitatu."

"Na bomba?"

"Bomba haliwezi kuguswa, mama. Tukiligeuza, chumba kitakauka."

"Si ndiyo ninachotaka?"

"Kikikauka, takwimu zitaharibika."

"Na mzee wangu je?"

"Mzee," alisema Mkurugenzi, akiweka mkono kifuani, "ndiye mhimili wa utafiti wenyewe."

Kinyozi alifunga daftari lake. "Twende zetu, mwenyekiti," alisema taratibu. "Kichwa hiki hakinyoleki kikavu. Kinataka maji kwanza."

Mkurugenzi hakukasirika. Aliamini ni msemo wa kienyeji wenye maana nzuri.

Alikuwa na mambo mazito zaidi ya kuwaza. Wafadhili wa ubia walikuwa wameandika kwamba wanakuja, na katika taarifa yake kulikuwa na kisanduku kitupu. Kisanduku cha saba: Utafiti Ulioongozwa na Jamii Yenyewe. Alikuwa amejaza vingine vyote, hata kile cha Tabasamu. Hiki cha saba kilimnyima usingizi na hamu ya chakula, mpaka mkewe akamuuliza kama kuna mwanamke.

Ndipo kamati ikabisha hodi na andiko.

Lilikuwa la kurasa nane. Mkurugenzi alisoma kichwa chake kwa sauti: "Mwelekeo wa Maji Yanapokosa Mlango." Akakisoma tena. Kilikuwa na kina. Lengo: kujua maji huenda wapi yakikuta pamezibwa. Mbinu: matofali, saruji na subira. Eneo: uchochoroni, upande wa jamii. Akachukua rula akapima pambizo, zikawa sawasawa. Akasahihisha mkato mmoja ukurasa wa pili, kwa sababu mlezi hamwachi mwana aaibike.

"Kazi ya kisomi hii," alisema, na machozi yalimlengalenga. "Nani aliandika?"

"Sote, mheshimiwa," alijibu kinyozi. "Tulifundishwa na wewe."

Akatia saini. Akaambatanisha barua kwamba chuo hakitauingilia utafiti huo kwa namna yoyote hadi utakapokamilika. Akawapa na mifuko miwili ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa Jengo la Ubia.

Siku ya wageni, mvua kubwa ilianza kunyesha asubuhi na mapema. Mkurugenzi alikuwa ofisini akipanga vipeperushi alipoona zulia limebadilika rangi. Akamlaumu mfagizi. Mara kapu la taka likapita mbele yake, linaelea, bila haraka, likielekea kwenye kabati la mkakati.

Alikunja suruali akatoka mbio. Kufika uchochoroni kulimchukua robo saa, maana ukuta ambao haukuwepo tena ulikuwa mrefu na lango lake moja.

Uchochoro ulikuwa na matope ya mvua ya kawaida, basi. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa kwa kazi safi ya matofali, na Babu Timazi alikuwa ameusimamia na mwavuli kama mtu anayelinda mtoto. Kinyozi alikuwa na daftari. Ndani, cherehani ililia, na baba mkwe alikuwa amelala godoroni pale pale chini, pakavu, anapuliza chai.

"Bomoeni!" alipiga kelele Mkurugenzi. "Maji yameingia kwenye droo zangu!"

"Droo ya juu au ya chini?" aliuliza kinyozi, kalamu tayari.

"Mama Pindo, nakuomba! Bomoeni huo ukuta!"

Cherehani ikanyamaza. Mama Pindo akatoka mlangoni. "Ningependa, baba, lakini tutaharibu takwimu."

"Huu utafiti unaisha lini?"

"Miaka mitatu. Ukurasa wa sita. Saini ni yako."

"Wageni wanafika saa nne!"

"Basi wahi," alisema Babu Timazi, akimnyooshea jembe. "Mtaro uko upande wenu. Huko hatuna kibali cha kuchimba."

Wageni walipofika, saa nne na robo, walimkuta Mkurugenzi ndani ya handaki, ametota, tai imetupwa begani. Pembeni yake walikuwa profesa wa maji, profesa wa udongo na profesa wa maendeleo, wanagombania koleo moja. Bomba lilikuwa limeshakatwa na nusu ya njia ya mtaroni imechimbwa. Wageni walipiga picha nyingi. Walisema wametembelea vyuo vya nchi nyingi, na hawajapata kuona ubia kama huu.

Bawabu alikuwa ameliacha lango wazi akaenda kutazama. Mama Pindo akaingia bila kuulizwa yeye ni nani. Akasimama ukingoni, akachungulia kina, akatikisa kichwa.

"Inama, baba," alimwambia Mkurugenzi. "Udongo hauhutubiwi."