Utukufu wa Abiria Mmoja wa Kismayu

Sikizeni, enyi wana wa visiwa vya Fuma na Chovai, na nyinyi wa Ras Kamboni mnaojitia mna shughuli. Tegeni masikio niwasimulie vita vya Mukhtari bin Gharibu, Simba wa Viwanja, bwana wa ndege tatu zisizo na bati wala msumari, maana zote zilikuwa ndani ya simu yake, katika mchezo wa kuendesha shirika la ndege.

Shujaa huyu aliufanya uwanja wa Kismayu ngome yake. Ndege moja ilikwenda Nairobi na kurudi, ya pili Mombasa, ya tatu Mogadishu, naye akitaraji umma utamiminika kutoka Nairobi, ubadilishe ndege kwake, uendelee Mogadishu. Umma haukumiminika. Alishusha nauli, akaongeza viti, akazipaka ndege rangi ya kijani, na bado hesabu ya wanaobadilisha ndege ilisoma sufuri. Muda wote huo mashua yake ya kweli, yenye tundu la kweli, ililala mchangani ikimngoja aje kuikalafati.

Ndipo mkewe Wardah, Malkia wa Jiko na Uani, aliposimama mlangoni akatoa hukumu. "Baba Hanan, mashua ndiyo inayotulisha. Asipopatikana mchu mmoja, abiria mmoja tu, wa kubadilisha ndege yeo hii kabla ya magharibi, mchezo huo unaufuta mbele yangu."

Mukhtari akainuka mkekani, akanena kwa sauti ya majemadari: "Ewe Mama Hanan, wanidai roho yangu. Shirika hili nimelilea tangu likiwa na ndege moja ya mkopo. Likizikwa, nitazikwa nalo."

"Huzikwi, utakalafati," akajibu Wardah, akaketi kando yake. "Hebu nambie, ndege zako zaondoka saa ngapi?"

"Zote pamoja, maji yakijaa. Kila siku nazisogeza kufuata maji."

Enyi msikiao, msimcheke upesi. Baba yake na babu yake walitoka bandarini maji yakijaa, mashua za mtaa mzima zikifuatana, na mkono wake ulipanga ndege kabla akili haijaulizwa.

"Na mchu wa Nairobi akishuka hapa, ndege ya Mogadishu iko wapi?"

"Imeshaondoka."

"Huko juu maji yanakupwa?"

Shujaa alikinyanyua kidole cha shahada, kilichochanjwa na mishipi ya kuvulia, akaichelewesha ndege ya Mogadishu hadi saa moja baada ya ile ya Nairobi kutua. Siku ya mchezo ikapita. Muadhini wa magharibi akakohoa kwenye kipaza sauti. Na hapo sufuri, adui wa miezi, ikaanguka, na mahali pake akasimama abiria mmoja.

Mmoja, waungwana. Mukhtari alilia machozi ya furaha, wala hakuyaficha.

Wardah akaisoma ile moja. "Haya, mchezo haufutwi. Lakini la mashua sijakusamehe." Akanyoosha mkono. "Lete simu, nimpangie na abiria wa Mombasa. Wewe chukua nyundo."

Hivyo ndivyo Nairobi ilivyotekwa, na nyumbani kwao mwaka huo huitwa Mwaka wa Abiria. Mshindi alikwenda pwani kuikalafati mashua, na kutoka uani bibi mpya wa ndege tatu akamwita kumpa habari kwamba abiria sasa wako wanne.