Maelezo Hayajatosha

Leo nimeuacha uso wangu mtaani Shika Adabu, kwenye mkeka wa watu. Nawaandikia ndugu zangu nyote watatu mlioko kazini Muscat kwa barua hii moja, msomeane. Na atakayesoma kwa sauti asianze kucheka kabla wenzake hawajafika pabaya.

Nianzie mwanzo. Mnaujua ule ubao wa chama chetu cha ushirika pale Timbwani, njia ya feri. Chini yake siku hizi kuna sanduku la mbao lenye mwanya. Mtu mwenye swali la pesa huandika kijikaratasi, akakitumbukiza, asitie jina. Mimi hulitia swali lake namba, hupiga jibu kwa taipu, hulibandika ubaoni. Mwisho wa jibu naandika: Mshauri. Watu wanaamini Mshauri ni bwana mmoja wa kule mjini, mvaa tai. Uvumi huo aliueneza mwenyekiti wetu mwenyewe. Alisema hakuna atakayepokea ushauri wa mtu anayemwona kila siku akinunua sukari robo. Kwa hiyo mbele za watu mimi ni karani tu, mbandika karatasi.

Mwaka jana nilikosea. Mtu aliuliza anunue kitu gani ili pesa zake zizae. Nikamjibu siku hiyo hiyo: ng'ombe wa maziwa. Akanunua. Hakunieleza kwamba amepanga chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji saba, nami sikumuuliza. (Mwenye nyumba alikuja ofisini akimtaka Mshauri. Nikamwambia ameshavuka feri.)

Tangu hapo nikatunga maswali kumi na mawili. Mhusika anakaa wapi, analisha nani, anakula nini, anavaa nini, na mengineyo. Swali lisilo na majibu hayo nalirudisha ubaoni kwa wino mwekundu: Maelezo hayajatosha. Nililipenda sana neno hilo. Ikafika hadi wanunuzi wa samaki wakawa wanawaambia wachuuzi, wakitajiwa bei, kwamba maelezo hayajatosha.

Sasa, wiki tatu zilizopita Mjomba Bakari alinipelekea posa Shika Adabu, kwa Bi Mwanatumu, shangazi yake Rukia na ndiye aliyemlea. Rukia ni yule mwalimu wa watoto wadogo niliyewaandikia habari zake. (Mlinijibu kwamba namwotea mbali. Sijasahau.) Bi Mwanatumu aliipokea posa kwa heshima, akaomba muda wa kuulizia, kama ilivyo ada. Mjomba akaniambia kuulizia ni haki yao, mimi nitulie tu. Nikatulia. Nikarudi kwenye sanduku langu.

Likatoka swali namba arobaini na moja. Mwandiko mzuri, herufi zimekaa kama zimepangwa kwa rula: "Kijana ametuletea posa ya binti yetu. Ana kazi ya kalamu. Je, ataweza kuweka nyumba?"

Ninyi mmeshaelewa, si ndiyo? Mimi sikuelewa. Posa hupelekwa kila wiki kutoka hapa hadi Mtongwe, na makarani wamejaa tele. Nilichokiona mimi ni swali lililokuja bila maelezo. Nikabandika yale kumi na mawili, na juu yake nikaongeza nasaha. Msimuulize mwenyewe, atajipamba. Itazameni kamba yake ya kuanikia nguo. Muulizeni mwenye duka lake. Jueni jioni anakula nini.

Siku mbili baadaye bibi mmoja nisiyemjua alipiga hodi kwangu akaomba maji. Aliyanywa polepole mno, macho yako uani. Nilidhani ameutamani mpera wangu, nikamchumia mapera, nikamfungia. Kesho yake Khamisi wa dukani akaniuliza kama siku hizi nimeacha samaki. Nikamjibu samaki wana miba. Akatikisa kichwa kama mtu anayeandika moyoni.

Maelezo yakaja, ukurasa mzima. Kambani mna mashati mawili, moja limegeuzwa kola. Jioni hula muhogo na chai isiyo maziwa. Alikuwa na baiskeli, sasa haonekani nayo.

Nikamhurumia. (Ndiyo, na mimi nilikuwa nimeuza baiskeli. Ndiyo, na mimi nilikuwa nakula muhogo. Mashati sikuyawaza, nani huhesabu mashati yake? Lakini mimi nilikuwa na sababu: naweka akiba ya mahari. Mwenzangu huyu anaporomoka tu.) Hivyo ndivyo nilivyofikiri, wallahi. Muhogo wangu ulikuwa mipango. Muhogo wake ulikuwa ufukara.

Nikaketi kwenye taipu. Nikalipamba jibu, maana nilijua wasomaji wa ubaoni wanalingoja. Nilipolibandika walicheka hadi muuza kahawa akaacha birika lake akaja kusomewa. Jioni jibu halikuwapo ubaoni, mwenye swali amelichukua. Nikalala na moyo mweupe, kwamba nimemwokoa mtoto wa watu.

Leo baada ya sala ya alasiri tukaitwa kuchukua jibu la posa. Nilivaa kanzu yenye pasi. Tukakaribishwa mkekani, kahawa ikaja, halua ikaja. Rukia alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Nilijua kwa sababu pazia lilikuwa linapumua. Nikamwamkia Bi Mwanatumu, akaitikia marahaba kwa upole. Kando yake ameketi bibi mwingine. Nikamwamkia naye.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Yale mapera yalikuwa matamu."

Nikachukua kikombe cha kahawa ili mkono upate kazi.

Bi Mwanatumu akaeleza kwamba wao hawakutaka kutegemea maneno ya barazani, kwa hiyo wamemuuliza mtaalamu wa mjini. Akasema miwani yake imevunjika. Mimi nina kazi ya kalamu, basi niwasomee. Akanikabidhi karatasi. Muhuri ni wa chama. Taipu ni yangu, ile yenye herufi "a" inayoruka juu ya mstari.

Nikasoma. Ningefanyaje?

"Ndugu muulizaji. Mwanamume mwenye mashati mawili hana mashati, ana shati na jirani yake. Muhogo ni chakula chema, ila anayeula kila jioni hakuupenda, amefikishwa hapo na shida. Na aliyeuza baiskeli leo, kesho atauza kitanda, na binti yenu atakuwa amelala juu yake. Nawashauri mumshukuru kijana huyo, mumpe kahawa, aende zake."

Nikakitazama kikombe mkononi mwangu.

Mjomba Bakari ndiye aliyewaka. Aliapa kwamba kesho atavuka feri amtafute huyo Mshauri mtaa kwa mtaa, amwulize amemjulia wapi kijana wake. Kisha akanigeukia. "Na wewe ndiye unayembandikia karatasi zake! Kumbe hujawahi kuziona?"

Nilimfikiria yule bwana wa tai. Angeweza kuwa amekosea. Angeweza kuwa mgonjwa. Angeweza hata kuwa amefariki wiki hii, Mungu amrehemu. Lakini kuanza na uongo katika nyumba uliyokuja kuomba mke, hilo sikuliweza.

"Mjomba," nikasema, "Mshauri ni mimi."

Pazia likaacha kupumua.

"Haya umeyaandika wewe?" Bi Mwanatumu akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Una akili zako timamu?"

"Nilikuwa nazo, mama."

Akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya sahani ya halua. "Basi mwanangu, wewe unajijua kuliko sisi. Ukisema hufai, sisi ni nani tukubishie?"

Bibi wa mapera alicheka hadi akajifunika uso kwa buibui. Mjomba, aliyekuwa simba sasa hivi, akaiinamia halua kana kwamba ameona kitu ndani yake. Nilitaka kusema habari ya akiba. Nikafungua mdomo. Mjomba akanifinya paja, kwa sababu kutaja mahari kwa watu ambao hawajakukubalia ni utovu wa adabu, na wa leo nilikuwa nimeshaumaliza wote. Nikaufunga. Nikakaa nikiyapitia maswali yangu kumi na mawili, moja moja. Hakuna hata moja linalouliza kwa nini.

Tukaaga. Niko kizingitini, nayatafuta makubadhi yangu kwa miguu maana macho hayakuwa yakiona vizuri, mara mkono ukatoka nyuma ya pazia. Ulishika kijikaratasi. Bi Mwanatumu akakipokea, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu, akashindwa, akanipa mimi.

Mwandiko mzuri. Herufi zimekaa kama zimepangwa kwa rula. Wino mwekundu.

"Swali la kumi na tatu: Baiskeli aliiuza kwa nini? Maelezo hayajatosha."

Mjomba, njia nzima hadi Timbwani, alisema hilo si jibu la posa. Mimi nasema pia si kukataliwa. Tumeachana hivyo, yeye kwake, mimi kwangu, na tangu nifike niko mezani. Jibu la swali la kumi na tatu limefika ukurasa wa tatu na sijafika kwenye muhogo.

Kwa hiyo nawaomba msicheke mpaka swali namba arobaini na moja lifungwe. Na atakayetangulia kuja likizo, aniletee shati.