Wambeti Wawili na Kashata za Simsim

Jumamosi, 10 Agosti 2019

Sauti moja imekataa kunitoka masikioni. Si kile kikohozi, ingawa nacho kilinitosha: kikavu, chembamba, kama cha kuku aliyesakamwa na punje ya mahindi. Ni sauti iliyofuata. Mwezi uliopita binti yangu Wambeti alikula mkate wa simsim kwenye sherehe ya jirani, midomo ikamvimba, kikohozi kile kikamshika. Ni mimi niliyembeba. Ni mimi niliyekimbia naye hospitalini nikiwa na kiatu kimoja. Ni mimi niliyemshika mkono akidungwa sindano. Pumzi ikarudi. Akafumbua macho. Nikainama nisikie neno lake la kwanza.

"Cucu."

Cucu! Bibi yake alikuwa kwake Kianjokoma siku hiyo, anachuma majani chai!

Daktari alisema ni mzio. Asiguse simsim tena, hata punje, hata mafuta yake. Dawa ya maji iwe karibu siku zote, na akikohoa namna ile, mbio hospitalini. Nilielewa upesi. Nafundisha kemia.

Leo Ireri, mume wangu, ametangaza kwamba mama yake anakuja kukaa nasi likizo yote. Ametangaza huku ameshika kitasa cha mlango, tayari kutoka. Mjanja.

Jumatatu, 12 Agosti

Amefika. Wambeti alimrukia kabla hajatua kiondo, kikapu chake.

Niandike mambo yalivyo. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume. Kwa hiyo kwao Embu huyu wangu wa miaka minne si mjukuu tu. Ni Cucu mwenyewe, amerudi akiwa mdogo. Ireri humwita Maitu, yaani mama. Humwita hivyo hata akimpangusa makamasi. Nyumba hii ina mama wawili na mimi si mmoja wao.

Nilimpa Cucu somo la mzio, kwa mchoro. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema daktari amekosea. Yeye amekula simsim tangu meno ya utoto, na sasa anaila bila meno, haijamfanya kitu. Na huyu mtoto si yeye? Simsim itawatofautishaje?

Nilifurahi! Alikuwa amekosea mbele ya Ireri! Nikamwonyesha picha niliyompiga Wambeti siku ile, uso umefura, macho hayaonekani. Cucu aliitazama muda mrefu. Akanirudishia simu kwa mikono miwili. Akasema kama ni hivyo, basi na yeye simsim inamdhuru, ila alikuwa hajajua. Kuanzia leo, akina Wambeti hawali simsim.

Ireri alifuta machozi. Somo langu hakuna aliyelitaja.

Jumatano, 14 Agosti

Balaa. Cucu ameshuka mtaa wa Majengo na kumhoji Ishmael, muuza maandazi na kashata: anakaanga kwa mafuta gani, kikaango kipi, mikono anaioshea wapi. Ishmael, ambaye ninanunua kwake miaka yote bila kuulizwa jina, sasa ametenga kikaango cha akina Wambeti.

Mama Kiambi wa nyumba ya pili alibisha hodi, mwanawe ana vipele. Nikajikohoza, nikaanza kueleza. Akaniuliza kwa upole kama Cucu yupo.

Wambeti hanywi uji kabla Cucu hajaunusa. Leo nimemwekea bakuli, akalisukuma. "Mami, hii haijanuswa." Nina shahada!

Na kila asubuhi kuna baraka. Mtoto anafungua kola, Cucu anamtemea mate kidogo kifuani, thuu, akimwombea akue na lisimguse baya. Kisha wanacheka. Hakuna mtu aliyewahi kuyahitaji mate yangu.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimefikiri. Mzee hawezi kuacha simsim kwa siku moja. Anakula kwa siri. Unahitajika ushahidi tu. Na kama ushahidi hauji wenyewe, unaweza kusaidiwa.

Mpango: ninunue kashata za simsim, nizitie ndani ya kiondo cha Cucu, kisha nizigundue mbele ya Ireri kwa mshangao mkubwa.

Nilikwenda Majengo nimejifunga kitambaa na kuvaa miwani ya Ireri. Sikuona vizuri. Nilinunua kwa mama mmoja mbali na Ishmael. Ishmael akaniona hata hivyo, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: Mwalimu, hizo si za akina Wambeti, sivyo? Nikasema ni za majaribio ya shule. Akauliza si shule zimefungwa. Nikatembea upesi, nikagonga toroli la ndizi.

Jioni niliingia chumbani kwa Cucu. Nikafungua kiondo. Mkono ulikuwa tayari umeingia nilipouona mto wa kitanda. Ulikuwa na mabonde mawili, moja kubwa, moja dogo. Wambeti hulala hapo. Wambeti hutia mkono ndani ya kiondo hicho kila siku kutafuta ndizi.

Nilizitoa kashata. Mimi si mtu mbaya. Nimezificha kabatini kwangu, nyuma ya vitabu.

Jumapili, 18 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Jana Cucu alisimama mlangoni mwa chumba changu, pua juu, akasema kuna kitu humu. Kashata zilibidi ziishe. Kwenye taka? Huzinusa taka. Chooni? Zingeelea. Kwa hiyo leo asubuhi nilijifungia bafuni nikazila zote. Zilikuwa tamu, lazima niseme. Nikanawa mikono hadi viwiko kama daktari wa upasuaji, nikarudia. Nikabadili gauni. Sayansi!

Nilipotoka, Wambeti alikuwa amesimama na kola wazi. Cucu alikuwa bado nje, anachuma sukuma wiki. Nafasi! Nikamwambia leo Mami ndiye atakayembariki. Akaniangalia kwa shaka, akasema mimi si mzee. Nikasema nimezeeka wiki hii. Thuu! Na kwa kuwa sijazoea, mate mengine yakampata mdomoni. Nikambusu papo hapo. Nilijiona malkia.

Mikono ilikuwa safi. Mdomo niliusahau.

Vipele vilianzia kifuani, vikapanda shingoni. Kisha kikohozi. Kile kile. Cucu alikisikia akiwa nje. Aliingia akikimbia, majani yamemwagika, akachukua chupa ya dawa rafuni na kumpa mtoto, huku Ireri akitafuta ufunguo wa gari. Njia nzima nilihesabu pumzi zake na sikumwomba Mungu kitu kingine chochote.

Alidungwa sindano. Pumzi ikatulia.

Daktari akauliza amekula nini. Uji, Cucu akasema, na ameunusa mwenyewe. Ireri akatutazama sote. Cucu akainama kwangu kama mtu anayetaka kunifariji. Pua yake ikasimama mbele ya mdomo wangu. Akakaa hapo. Kisha akageuka na kusema waziwazi: "Nimekula mimi. Nilikula simsim, nikambariki."

Nikapangusa mdomo.

Jumatatu, 19 Agosti

Ireri amemwambia mama yake arudi Kianjokoma. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Nilimfuata Cucu hadi langoni, nikamuuliza kwa nini. Alinishangaa. Akasema mimi ndiye niliyemzaa mara ya pili, na mtu hamshtaki mama yake. Kisha akaniambia siku nyingine nisukutue, na nitemee mahali pamoja, si kunyunyiza kama mtu anayepiga pasi.

Ameondoka. Nimeshinda! Nyumba ni yangu.

Jioni. Wambeti hakula. Mama Kiambi amekuja akilia. Anasema tamaa ni tamaa, lakini ni wazee wangapi wanaoweza kukiri hivyo mbele ya daktari? Kanisani watamwombea kwa jina. Hata Ireri, akikitazama kiti cha Cucu, amesema angalau mama ni mkweli.

Mkweli! Simsim ilikuwa yangu! Amenichukulia mtoto, amenichukulia jirani, amenichukulia Ishmael, na sasa amenichukulia hata dhambi yangu, na inampendeza kuliko ilivyonipendeza mimi! Hili siwezi kulivumilia.

Jumanne, 20 Agosti

Nimemwambia Ireri kila kitu. Kwanza akaniuliza kama kweli nilivaa miwani yake. Kisha akasema kitu kuhusu mama yake ambacho sitakiandika, kwa sababu ni kweli. Akachukua ufunguo, akaenda kumrudisha.

Wamefika na mkungu wa ndizi. Nusu ya mtaa wetu wa Kinoru ilikuwa langoni. Jana alisifiwa kwa kusema kweli, leo anasifiwa kwa kusema uongo.

Jumamosi, 24 Agosti

Wambeti amepona kabisa. Asubuhi alifungua kola. Cucu akaniita, akanipa maji nisukutue, akanifundisha: fupi, katikati, ukisema neno jema. Tulimbariki pamoja. Wambeti akacheka, akasema mate ya Mami ni baridi. Nilikuwa na furaha kamili hadi baada ya chai. Hapo wakashuka Majengo wameshikana vidole, na Wambeti hakugeuka kunipungia.

Nimelichunguza jambo hili kisayansi. Kosa si la simsim. Kosa ni la jina. Binti wa kwanza ni wa mama wa mume. Lakini wa pili, kwa desturi ile ile, hupewa jina la mama yangu mimi, Ciakuthii. Huyo atakuwa wangu!

Nimempigia mama simu. Alipiga vigelegele hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. Amesema huyo atakuwa ni yeye mwenyewe, amerudi. Atahamia kwetu siku ile ile, mtoto atalala kitandani kwake, na hatakula kitu ambacho yeye hajakionja. Hatimaye nina mtu upande wangu.

Ireri bado sijamwambia. Sindano yangu ya kupanga uzazi ilikuwa jana. Sikwenda.